Rossi R92 na rivolva ya .357: uzoefu wangu wa risasi moja kwa silaha mbili

Nianze na hukumu. Mwenye rivolva ya .357 Magnum anayetaka bunduki ya leva, yaani inayokokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya triga, itakayokula risasi zilezile, achukue yenye muundo wa bunduki ya zamani ya Marekani, Winchester 1892, mtutu wa inchi 16 au 20, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Mimi natumia Rossi R92, iliyo ya muundo huo, pamoja na rivolva ya Ruger GP100, na kwa hewa ya Dar es Salaam sioni sababu ya kubadili. Ila wengi hudhani namba zikifanana ubavuni mwa mitutu miwili, kazi imekwisha. Risasi kuingia kwenye chemba, yaani tundu inamokaa ikifyatuliwa, ni jambo moja. Kupanda yenyewe kutoka kwenye magazini, bomba la kuwekea risasi chini ya mtutu, kila unapokoki ni jambo jingine, na ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Faida yenyewe ni ya kweli. Mtutu mrefu unaipa baruti muda wa kusukuma. Kichwa cha risasi cha grein 158, yaani gramu 10.2, kikitoka kwenye rivolva ya inchi 4 kwa mwendo wa takriban mita 380 kwa sekunde, kwenye bunduki kinafika kama mita 540. Nguvu inakaribia kuwa mara mbili na baruti ni ileile. .38 Special, ile risasi fupi na laini inayopigika pia kwenye silaha za .357, haipati nyongeza ya namna hiyo, kwa kuwa baruti yake ni kidogo na shinikizo lake ni chini ya nusu ya lile la .357. Kwa mazoezi lakini ni tamu: haipigi bega na mlio wake unavumilika. Masafa ya .357 yasikudanganye; mita 100 ndio mwisho wa busara. Na mwenye ndoto za nyati aiweke pembeni kabisa, nyati ni kazi ya .375 kwenda juu.

Sasa kwenye kasoro. .38 Special ni fupi kuliko .357 kwa milimita 3.4 upande wa ganda. Kwenye chemba ya .357 zote mbili zinakaa, lakini kwenye muundo wa 1892 kijiko kinachopandisha risasi kinaileta ile fupi ikiwa imeinua pua, na ukivuta leva kwa woga inagota juu ya mdomo wa chemba. Dawa ni kukoki kwa mkono mzito: leva mpaka mwisho mbele, kisha mpaka mwisho nyuma, bila kusita katikati. Umbo la kichwa lina maana kuliko watu wanavyodhani. Vichwa bapa vilivyokatwa usawa na mdomo wa ganda, vile vya kutobolea karatasi za shabaha, havipandi kabisa. Vyenye bega kali hupanda leo vikagoma kesho. Vya duara vyenye ncha bapa ndivyo vinavyokwenda bila ugomvi.

Ncha bapa si suala la kupanda tu. Katika magazini ya bomba risasi zinalala foleni, pua ya moja ikigusa fataki, kile kiwashio cha kitakoni, ya iliyo mbele yake. Ncha kali ya chuma hapo ni hatari, mshtuko mmoja unaweza kulipua risasi ndani ya bomba. Zipo risasi zenye ncha ya plastiki laini zilizotengenezwa mahsusi kwa bunduki hizi, hizo sawa. Nyingine zenye ncha kali usizitie hata moja.

Kitu cha kukagua kabla ya kulipia boksi zima ni mbinyo wa ganda. Mdomo wa ganda uwe umebinywa vizuri ndani ya mfereji wa kichwa. Kwenye bomba, springi na mshtuko wa kufyatua husukuma kichwa kirudi ndani ya ganda na shinikizo linapanda. Kwenye rivolva nyepesi mambo yanageuka: mshtuko huvuta kichwa kitoke nje, kikakwama mbele ya silinda isizunguke tena. Mbinyo mzuri unatibu magonjwa yote mawili, kwa hiyo ukitaka risasi moja kwa silaha mbili, hapo ndipo pa kuwa mkali na muuzaji.

Tatizo jingine linakuja polepole. Ukipiga .38 nyingi, masizi na mabaki ya madini ya risasi hujenga pete ndani ya chemba, pale ganda fupi linapoishia. Siku unatia .357, ganda refu linabanwa na pete hiyo, linaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Brashi ya shaba ya chemba baada ya kila mazoezi ya .38, silinda ya rivolva nayo tundu kwa tundu.

Nimelinganisha na nyingine. Marlin 1894 inatupa maganda ubavuni, kwa hiyo mwenye macho ya utu uzima anaweza kufunga darubini juu yake. Muundo wa 1892 unatupa juu, darubini haikai hapo. Marlin ilinunuliwa na Ruger mwaka 2020. Kwa Marlin iliyotumika, angalia chini ya kijiko: leva ikikiparua kwa muda mrefu, risasi mbili hutoka kwa mkupuo kwenye bomba, bunduki inakwama. Henry Big Boy ni nzito, ya mwili wa shaba inakaribia kilo 4, lakini kuitoa risasi ni raha, unachomoa bomba la ndani zinamiminika. Kwenye Rossi lazima ukoki moja moja kupitia chemba, mdomo wa mtutu ukielekea mahali salama, kidole mbali na triga. Uberti 1873 ndiyo laini kuliko zote mkononi, lakini viungo vyake vya kukunjika ni dhaifu kuliko makufuli mawili ya 1892. Risasi zenye shinikizo kubwa sana usiipe. Na ile sefti ndogo, kizuizi cha usalama, juu ya boliti ya Rossi ni mbaya kwa sura, sijui nani aliombwa ushauri.

Kuhusu risasi ya .45 Colt, inapendwa kwa jina, lakini kitako cha ganda lake kina ukingo mwembamba, na inasemekana ndiyo maana bunduki za leva za karne ya 19 hazikuitumia. Waliotaka risasi moja kwa bunduki na rivolva wakati ule walishika risasi ya .44-40. Kuitafuta hiyo leo ni kujitafutia safari. Utaratibu wangu ni mmoja: kabla ya kujaza fomu ya leseni polisi, pita kwa muuzaji mwenye leseni umuulize risasi gani anayo mwaka mzima, si ile aliyonayo wiki hii.

Kujaza Rossi kwa mlango wa ubavuni kunachuna kidole gumba, kwa sababu springi ni ngumu. Usiisukume risasi mpaka ndani. Acha kitako chake kishikilie mlango wazi, uisukume kwa ile inayofuata. Ya mwisho tu ndiyo unaimalizia kwa kidole.

Kuhifadhi: kwa anayekaa Kigamboni, Oysterbay au Mbezi Beach, chumvi ya bahari haina msamaha. Chuma kisichoshika kutu kinasaidia mwili na mtutu, lakini springi, skrubu na springi ya bomba mara nyingi ni chuma cha kawaida. Futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila ukishaishika kwa mikono yenye jasho, na wakati wa masika kila wiki hata kama haijaguswa. Fungua skrubu ya mwisho wa bomba, toa springi, ikaushe, ipake kidogo. Fungua na mbao ya mbele, maji hujificha chini yake. Ala ya ngozi ni ya kubebea. Ukiiacha bunduki humo kabatini, ngozi inanyonya unyevu na kuutunza kwenye chuma.