Toyota Starlet EP82: huduma ya kung'oa gia boksi ya otomatiki na kufunga ya gia za mkono

Gereji ninayoizungumzia ni ndogo, ipo Tabata jijini Dar es Salaam, na magari mengi inayoyapokea ni Toyota za miaka ya 1990. Niliipelekea Starlet EP82 yenye injini ya 4E-FE ya cc 1331, ambayo gia boksi yake ya otomatiki ya gia tatu ilikuwa imechoka: ukiweka rivasi gari lilikaa kidogo ndipo likashika, na oili yake ilikuwa imegeuka nyeusi na kunuka kuungua. Gari limekwisha kutumika vya kutosha baada ya kazi hiyo, ndani ya foleni za jiji na katika barabara ya Morogoro, na ninaweza kusema bila kusita kwamba kazi yao ni nzuri, ingawa yapo mambo mawili ambayo hayakuniridhisha.

Nieleze kwanza kwa nini sikununua otomatiki nyingine ya mtumba, maana ndilo swali ninaloulizwa na kila mtu. EP82 zilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1989 hadi 1995, kwa hiyo otomatiki yoyote utakayoikuta kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, ina umri wa miaka 30 hivi au zaidi, na hakuna muuzaji awezaye kukuonyesha hali ya sahani zake za ndani bila kuifungua. Boksi ya mkono ya gari hili, yaani C150 ya gia tano, unaweza kuikagua hapo hapo juu ya meza ya muuzaji: unazungusha shafti, unaingiza gia moja baada ya nyingine, unatikisa kuona kama beringi zimelegea. Ikiharibika miaka ijayo, fundi wa kawaida ataifungua, atabadilisha beringi na ringi za sinkronaiza (zinazofanya gia ziingie bila kukwaruza), kisha ataifunga na safari itaendelea. Aina hiyo ya boksi ilifungwa pia kwenye Corolla EE101 zenye injini hiyo hiyo, kwa hiyo spea zake hazijaadimika. Zaidi ya hayo, Starlet ni gari jepesi, la takriban kilo 800, na injini ya 4E-FE ina moyo kuliko watu wengi wanavyoidhania. Gia tatu zinaibana, zinaifanya ipige kelele katika mwendo wa barabara kuu na kurudi gia ya pili kwa kishindo kila kilima kinapojitokeza.

Kilichonifanya niwaamini mafundi hawa ni kwamba walikataa kufungua hata nati moja kabla vifaa vyote havijakamilika, na walitaka vyote vitoke katika gari moja la EP82 lililokuja likiwa la gia za mkono. Gereji nyingine niliyoiuliza kabla yao ilinipa bei ya chini zaidi, lakini ilikusudia kuchomelea pedeli ya klachi kwenye fremu ya pedeli za otomatiki na kununua boksi peke yake. Huko ndiko kazi za namna hii zinakoharibikia. Boksi ya Corolla, kwa mfano, itaingia vizuri kwenye injini, lakini maunti (vishikizo vinavyoibeba kwenye bodi) na mpangilio wa klachi vinaweza kuwa vya gari jingine kabisa, na hapo ndipo unapoanza kuona vyuma vya kuunganisha unganisha. Seti tuliyoinunua ilikuwa na boksi, flaiwili (gurudumu zito linalofungwa mwishoni mwa krenki, shafti kuu ya injini) na bolti zake, uma wa klachi, fremu nzima ya pedeli, kebo ya klachi, mkono wa gia pamoja na kebo zake mbili, maunti, shafti za magurudumu ya mbele, na kigia cha kuendeshea spidomita. Sahani ya klachi, presha (kifuniko kinachoikandamiza sahani hiyo) na beringi ya klachi tulinunua mpya, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu kuishusha boksi mara ya pili kwa ajili ya klachi ya mtumba ni hasara isiyo na sababu.

Niliomba kuwapo siku ya kufunga flaiwili, nao hawakuona ubaya. Fundi mkuu aliziweka mezani bolti za pleti nyembamba iliyokuwa ikishikilia toki konveta ya otomatiki (kifaa cha oili kinachofanya kazi mahali pa klachi), akaziweka bolti za flaiwili pembeni yake, akanionyesha tofauti ya urefu: pleti ni nyembamba, flaiwili ni nene, kwa hiyo ukitumia bolti za zamani zitashika kwa nyuzi chache tu mwishoni mwa krenki. Flaiwili yenyewe ilikuwa imekwisha kupelekwa kupigwa lesi, yaani kuchongwa kwa mashine, ili uso wake uwe sawa. Kabla ya kuifunga walibadilisha sili ya nyuma ya krenki, ambayo bei yake ni ndogo lakini kuifikia kwake ni kazi ya siku nzima. Bolti zilikazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio wa kukingamana, na sahani ya klachi ikawekwa katikati kwa kutumia shafti iliyotolewa kwenye boksi chakavu. Ukiona gereji inaikadiria sahani hiyo kwa macho, chukua gari lako uondoke.

"Kaka, boksi kuingia ni nusu ya kazi," aliniambia fundi mkuu, na nusu ya pili ilikuwa ni nyaya. Gari la otomatiki halipigi stata mpaka mkono uwe kwenye P (kuegesha) au N (gia huru), kwa hiyo swichi ya boksi ya zamani ikiondolewa stata inakuwa kimya. Mafundi wengi huunganisha nyaya hizo mbili moja kwa moja na kuishia hapo, jambo linaloacha gari likiweza kuwashwa likiwa kwenye gia na kuruka mbele. Hawa walizipitisha kwenye swichi ndogo waliyoifunga nyuma ya pedeli ya klachi, ili stata ipige tu klachi ikiwa imekanyagwa. Taa za rivasi ziliunganishwa na swichi iliyo kwenye boksi mpya. Kebo iliyokuwa ikitoka kwenye throtali kwenda kwenye otomatiki iliondolewa, na midomo miwili ya kupoozea oili ya boksi iliyo chini ya redieta ikazibwa ili uchafu usiingie, huku redieta yenyewe ikibaki ile ile.

Sasa niseme yale mawili. La kwanza ni sailensa, yaani mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta. Kontroli boksi ya injini, yaani kompyuta yake, imebaki ya gari la otomatiki, na waya wa kuieleza kwamba mkono upo kwenye N umeunganishwa moja kwa moja, hivyo injini inaamini haina mzigo wakati wote. Unapoachia mafuta ukikaribia taa za barabarani, mizunguko hupanda kidogo kabla ya kutulia. Si hatari, lakini inasikika, na kwa kazi ya kiwango hiki nilitarajia watafute kontroli boksi ya gari la mkono tangu mwanzo, wakati seti inanunuliwa. La pili ni kebo ya klachi, ambayo waliipitisha karibu mno na bomba moto la egzosi. Niliporudi nayo waliisogeza na kuifunga kwa kishikio kipya bila kunitoza chochote, na pedeli ikawa laini zaidi. Ila ni jambo ambalo lilipaswa kuonekana kabla gari halijatoka.

Barabarani gari limekuwa tofauti kabisa. Gia ya tano inaipumzisha injini, mazungumzo ndani ya gari yanawezekana tena, na kulipita lori kati ya Chalinze na Morogoro sasa ni uamuzi wa dereva, si wa boksi. Gia zinaingia bila kukwaruza, hata ya pili injini ikiwa bado ya baridi. Spidomita nililinganisha na ramani ya simu, na inasoma sawasawa. Katika foleni ya Ubungo mguu wa kushoto unachoka, na kwa anayeendesha njia hiyo tu asubuhi na jioni, gharama hii sioni itamfaa nini.

Vifaa na ufundi vilinigharimu jumla ya chini kidogo ya shilingi milioni mbili, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwenye seti ya mtumba. Risiti imeandikwa kifaa kwa kifaa, na dhamana ya ufundi ni miezi mitatu. Boksi yenyewe haina dhamana ya gereji, kwa hiyo makubaliano ya kuirudisha ikigoma lazima uyafanye na muuzaji wa spea kwa maandishi kabla hujalipa. Oili ya boksi, 75W-90, waliniagiza niibadilishe mapema baada ya kuanza kutembea ili itoke na uchafu wa boksi iliyokaa muda mrefu bila kazi. Niliwarudia kwa ajili hiyo, na iliyomwagika ilikuwa safi, ikiwa na unga mwembamba tu wa chuma kwenye sumaku ya nati.