Lenzi ya asferiki imenitibulia taa za sendofu

Sitaki kulisikia tena neno asferiki. Muuzaji alilirudia kila alipofungua mdomo: vioo vichache, lenzi nyepesi, picha kali hata ukifungua lote tundu la kuingizia mwanga. Kweli, sibishi. Kwenye kioo cha kawaida chenye mgongo wa duara, mwanga unaopita pembeni hukutana mapema kuliko ule wa katikati, ndiyo maana ukifungua tundu sana, hadi f/1.4, picha huwa na utando. Cha asferiki mgongo wake hubadilika kidogo kidogo kuelekea ukingoni, mwanga wote ukutane pamoja. Kope za bibi harusi zilikuwa zinahesabika.

Sasa tazama nyuma yake. Ukuta mzima wa ukumbi ulijaa vile vitaa vya mapambo, na picha ya hapo ndiyo mama mtu aliyoisubiri. Kila kitaa kilichokuwa nje ya fokasi kimegeuka kitunguu kilichokatwa, pete ndani ya pete! Mama akaisogeza simu karibu na macho. "Baba, hizi taa zina ugonjwa gani?"

Nikairudisha lenzi dukani. Kijana hata hakuipokea. "Kaka, kwani wewe unampiga bibi harusi au unapiga taa?" Wenzake wakacheka.

Jibu lipo, angekuwa na adabu angenipa. Vioo hivi siku hizi vingi hupashwa moto na kugandamizwa kwenye kalibu. Kalibu yenyewe huchongwa kwa almasi huku ikizunguka, hubaki na mikwaruzo ambayo jicho haliioni, na kila kioo kinachotoka humo huirithi. Taa ikitoka nje ya fokasi inakuchorea yote. Noctilux, lenzi ya kampuni ya Leica ya 1966, f/1.2, migongo yake ya asferiki ilisuguliwa kwa mashine iliyoongozwa kwa mkono. Bei yake usiulize. Bila kalibu, lenzi ya aina hii nisingeigusa hata kwa mkopo, kwa hiyo hapo kiwanda sikilaumu sana. Lakini kusema tu, "Kaka, taa za usiku zitakusumbua," mdomo ungemuuma?

Nyota moja. Ingawa zile picha za mchana, pale bustanini, jana nimezirudia kuzitazama na sijawahi kupiga picha safi namna ile. Haya, tatu. Naiuza lakini. Au niuze ile lenzi yangu ya zamani... hapana, usiku bado naihitaji. Duka lile sifuri, hilo halibadiliki.