Mota ya geti ya voti 24 yenye betri: uzoefu wangu

Geti ninalozungumzia ni la chuma, la kuteleza, upana wa mita 4, Dar es Salaam. Mota ni ya DC (umeme kama wa betri), voti 24, na ndani ya boksi lake kuna betri mbili za voti 12, Ah 7 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri), zilizofungwa mfululizo. Zipo mota za AC (umeme wa ukutani) za bei nafuu, ila umeme ukikatika nazo zinalala. Kwa hiyo naitetea hii, pamoja na kasoro zake.

Malalamiko mengi huanza hivi: "Mota imekufa." Kabla hujamwita fundi, achia klachi (kinachoshikanisha mota na geti) kwa ufunguo wake, sukuma geti kwa mkono. Likikataa kwenda kwa mkono mmoja, mota haina kosa. Angalia mchanga kwenye reli na beringi za magurudumu. Halafu kagua reki, yaani ule ukanda wa meno. Magurudumu yakilika, geti hushuka, na uzito wote unakalia gia ya mota. Hapo ndipo meno ya plastiki yanapokatika. Legeza boliti, inua reki mpaka ibaki nafasi ya milimita 1 hadi 2 juu ya gia, toka mwanzo wa geti hadi mwisho. Usipake grisi kwenye reki, inakamata mchanga. Na wale wanaoongeza nguvu ya mota kwenye bodi (saketi inayoiongoza) ili geti zito liende wanaua ulinzi wake: likimgonga mtoto halitarudi nyuma.

Geti linafanya kazi umeme ukiwepo, ukikatika linasimama njiani? Betri. Zitoe kwenye chaji, ziache zitulie saa kadhaa, kisha pima: iliyojaa husoma karibu voti 12.7. Namba hiyo peke yake haitoshi. Zirudishe, zima umeme, pima tena geti likitembea. Yoyote inayoshuka chini ya 10.5 ni ya kutupa. Nunua mbili kwa pamoja, maana kuukuu huiharibu mpya. Zikiwa kwenye chaji, zote mbili kwa pamoja zisome karibu voti 27. Zikiganda kwenye 24 au 25 hata baada ya usiku mzima, na betri ni mpya, kagua fyuzi ya chaja, kisha chaja yenyewe.

Geti linafunguka lakini halifungi: hayo ni macho ya usalama, yaani jozi ya vihisi inayozuia geti kufunga kukiwa na kitu njiani. Futa vumbi na utando wa buibui, hakikisha yanatazamana sawasawa. Likigoma saa ile ile kila jioni, jua linapiga jicho linalopokea. Badilisha nafasi za macho hayo mawili, linalotuma liende upande wa linalopokea. Kuyaruka kwa kipande cha waya, ili bodi isiyategemee, ni kwa kupimia tu, kisha uondoe.

Adui ambaye kijitabu cha mota hakimtaji ni sisimizi, na mjusi nyuma yao. Wanapita kwenye bomba la waya, mjusi anagusa nyaya za voti 230, bodi inaungua. Ziba bomba kwa silikoni. Usipulize dawa ya wadudu juu ya bodi. Kabla ya kufungua boksi zima swichi kuu, na ukishalifungua chomoa kwanza waya wa betri, kwani bila hivyo mota bado ina umeme wa kutosha kuanza ghafla.

Rimoti ikihitaji usogee karibu sana, badilisha betri yake kwanza. Ufunguo wa klachi uwe na nakala nje ya ua, kwa mtu unayemwamini.