Redio ya Gari Yenye Ramani: Nunua Inayojua Kunyamaza

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Mombasa kwenda Ukunda kwa dadangu. Foleni ya feri ya Likoni siku ya Jumamosi naijua, kwa hivyo nikaamua kuzungukia Dongo Kundu. Garini mna redio mpya, skrini ya inchi 9, haijamaliza hata siku tatu tangu ifungwe. Taarabu inalia, ramani imewashwa, mimi na raha zangu. Nimepita Changamwe, nimepita Miritini, muziki ukakatika. Kimya. Kisha sauti ikasema neno moja tu: "left." Taarabu ikarudi pale pale ilipoachia.

Left wapi? Baada ya mita ngapi? Nikatupa jicho kwenye skrini, huku ubavuni lori la kontena lanipigia honi, na nilipong'amua hiyo left ni ipi nilikuwa nishaipita. Nilikwenda kugeuzia Mazeras.

Nikadhani ni mtandao. Siku zilizofuata nikaichunguza: Buxton, Kongowea, Bombolulu. Kila mahali ni yale yale, inameza maneno ya mwanzo na kutema mkia wa sentensi. Nilipowasimulia wenzangu, kumbe nusu yao wana ugonjwa huo na wamenyamaza nao. Mmoja aliniambia yeye huzima muziki kila akifika njia asiyoijua. Sasa redio umenunulia nini, mama?

Basi mwongozo huu ni wa jambo hilo moja. Inchi, wati na rangi za taa muuzaji atakuimbia bila kuombwa. Asichokwambia ni hiki: spika za gari ni zile zile, na wanaotaka kuzitumia ni wawili, mwimbaji na ramani. Lazima pawe na kitu kimoja katikati kinachoamua nani ashushe sauti. Redio nzuri huushusha muziki kidogo na ramani ikasema juu yake. Ya wastani huukata muziki, ramani ikasema yote, muziki ukarudi. Mbovu huukata muziki, ikababaika, na ikifunguka maneno nusu yameshapita.

Mara nyingi mchawi ni Bluetooth. Sauti ikipitia huko hufungwa vipande vipande, ikarushwa, ikafunguliwa upande wa pili, na hapo pana kuchelewa. Kwenye wimbo huhisi chochote. Lakini kama hakuna kinacholia, njia hiyo husinzia, na ramani ikianza kusema ndipo redio inapokumbuka kuamka. Tena ukiwa unasikiliza stesheni ya FM huku simu imeungwa kwa Bluetooth, redio nyingi hazikupi sauti ya ramani kabisa, kwa sababu masikio yao yako kwenye FM. Kama hiyo ndiyo shida yako na hutaki kununua kitu, ingia mipangilio ya Google Maps uzime sauti kupitia Bluetooth, simu ijisemee kwa spika yake. Si tamu, lakini utafika.

Sasa tupange.

Ya kwanza ni Pioneer yenye Android Auto au CarPlay, yaani mifumo inayoleta ramani na muziki wa simu kwenye skrini ya redio, na iungwe kwa kebo. Sijifichi, mimi ni mtu wa Pioneer. Hawa ndio waliouza Japani mwaka 1990 AVIC-1, mojawapo ya vifaa vya kwanza vya kuongoza gari kwa GPS kwa watu wa kawaida, na mtu aliyeanza mapema hivyo ameshakosea makosa yake zamani. Kwenye mfumo huu simu ndiyo inayofanya kazi. Muziki na maelekezo huingia redioni kama sauti mbili tofauti, kwa hivyo redio inajua ipi ni ipi na inashusha inayopaswa kushushwa. Kebo inaondoa usingizi wa Bluetooth. Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: sauti ya ramani ina kiwango chake peke yake. Ukitaka kuipandisha, ongeza sauti wakati ramani inasema. Ukiongeza ikiwa imenyamaza, umeupandisha muziki tu, na ramani itabaki kunong'ona vile vile.

Bei yake inauma, sikatai. Ila angalia usiuziwe Carrozzeria kwa jina la "Pioneer orijino ya Japani." Ni kampuni hiyo hiyo, lakini Carrozzeria ni jina lao la soko la Japani: menyu Kijapani, ramani ya Japani. Ukunda haiijui.

Ya pili itawashangaza: waya wa aux, ule wa kutoa sauti kwenye simu hadi redioni. Kama redio yako ya zamani ina kitundu cha aux, weka simu kwenye kishikio, chomeka waya, basi. Simu yenyewe ndiyo inayochanganya muziki na ramani kabla sauti haijatoka, na kwenye waya hakuna cha kusinzia. Mimi sasa ndiyo naendea hii huku nikidunduliza. Kero yake ni moja: ukichaji simu kwenye tundu la kiberiti wakati waya umechomekwa, unaweza kusikia mlio kama wa nyuki unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Hiyo ni alteneta, mtambo unaochaji betri ya gari, inaimba. Kuna kidude kidogo cha kuzuia mvumo huo, huungwa katikati ya waya, fundi yeyote wa redio anakijua. Simu isiyo na tundu la spika za masikioni itahitaji kiunganishi.

Ya tatu ndiyo hizi skrini kubwa za Android zisizo na jina, kama ile iliyonipeleka Mazeras. Siwezi kusema zote ni mbovu. Kuna zenye sehemu ya kuchanganya sauti ya ramani ndani ya mipangilio, na ukiiwasha zinatulia. Lakini sanduku halisemi ipi ina hiyo na ipi haina, kwa hivyo ijaribu kabla pesa haijatoka mfukoni. Cheza wimbo, anzisha safari kwenye ramani, zunguka mtaa mzima. Rudia ukiwa kwenye FM. Rudia mara ya tatu muziki ukiwa umezimwa kabisa, maana hapo ndipo usingizi unapojulikana. Ukisikia sentensi kamili mara zote tatu, nunua. Muuzaji akikwambia "haiwezi kujaribiwa hadi ifungwe," muage kwa heshima.

Ya nne ni ile iliyokuja na gari. Kila mwenye Axio au Fielder anamjua yule dada wa Kijapani anayekuamkia kila asubuhi kukueleza kwamba kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kwao, haimo. Ramani yake ni ya kwao. Redio yake hukamata FM 76 hadi 90, na zile mpya hadi 95, kwa hivyo Baraka FM iko 95.5 inakuchungulia tu kwa nje. Utafungiwa kile kidude cha kuongeza masafa, na kama kinashusha namba ya stesheni kwa 12, Baraka utaipata kwenye 83.5. Fundi akichomoa betri bila uangalifu, baadhi yake hujifunga na kudai nambari ya siri ambayo aliyeijua yuko Osaka. Kama ina Bluetooth au aux, itumie kwa muziki, ramani iachie simu.

Ya tano, Garmin za zamani, vile vifaa vya ramani vya kubandika kwenye kioo. Nüvi 660 na 760 zilicheza MP3 na kurusha sauti kwenye redio ya gari kwa FM, na wazo lilikuwa zuri: kifaa kimoja kinacheza na kinaongoza, hakina wa kugombana naye. Leo utazipata mtumba, betri imechoka, ramani ya enzi hizo.

Vile virushia FM vya kuchomeka kwenye kiberiti, Mombasa mawimbi yamejaa stesheni. Utasikiliza wimbo wako na mawaidha ya mtu mwingine kwa pamoja.

Na hawa wauzaji, wallahi, nimechoka nao. Skrini ile ile niliuliza duka moja Mwembe Tayari nikatajiwa 18,000. Nikamtuma mdogo wangu wa kiume nusu saa baadaye, akatajiwa 14,500 na kufungiwa juu. Mimi nilikuwa na buibui na funguo za gari mkononi, nadhani ndiyo tofauti ya 3,500. Nilipoirudisha kulalamika kwamba inameza maneno, yule kijana akaniwekea wimbo, akapandisha sauti mpaka vioo vikatetemeka, akaniuliza, "Sasa dada, si inalia?" Inalia, ndiyo. Nikamwambia awashe ramani. Akasema mtandao wa dukani siku hiyo uko chini.

Hawakurudisha pesa. Kufungua na kufunga tena nililipia mwenyewe, na sehemu ya plastiki ya dashibodi ikapasuka pembeni, hapo karibu na kitasa cha AC, nikiegemeza mkono inanikwaruza.

Skrini iko nyumbani ndani ya sanduku lake, kebo zote zipo, kamera ya nyuma haijafungwa. Anayeitaka aje na bei yake tuongee. Ila namwambia mapema: inapenda sana kunena mkia.