Nyumba ya magurudumu au nyumba ya msingi?

Anayeishi kwenye gari-nyumba huangalia kipimo cha maji kabla ya kubandika chai. Tangi la lita 100 huwatosha watu wawili siku chache tu, na maji yote wanayoogea na kuoshea vyombo hujaza tangi la majitaka, linalobidi kumwagwa mahali paliporuhusiwa. Choo cha kaseti, yaani chenye kisanduku cha uchafu kinachochomolewa na kumwagwa, huchukua lita 20 hivi na hujaa upesi zaidi. Nyumbani unafungua bomba, basi.

Kwenye fedha ndipo wengi hukosea hesabu. Kodi ya nyumba inaondoka, kweli, lakini mafuta, bima, matengenezo na maegesho yanaingia. Matairi huzeeka kwa miaka hata yakionekana mapya. Tena gari hushuka thamani, wakati nyumba iliyo kwenye kiwanja kizuri mara nyingi hupanda. Hapa kwangu nyumba inashinda bila ubishi.

Uhuru nao si jambo dogo: jirani mwenye makelele unamhama asubuhi hiyo hiyo, na dirishani leo ni ziwa, kesho ni mlima. Ila benki, leseni na shule mara nyingi vinadai anwani ya kudumu. Mwenye mtoto wa shule au maradhi yanayohitaji daktari yule yule, ningemsihi atulie.

Wengine wakodi gari-nyumba kwanza kwa wiki mbili, tena wakati wa baridi, waone pumzi za usiku zinavyotiririka kwenye vioo na kulowesha godoro kwa chini.