Ndege ikidunda: kuendelea kutua au kupaa tena?

Msimu wa kusi, rubani wa Cessna 172S, ndege ndogo ya propela moja, anayetua njia ya kurukia namba 18 (inayoelekea kusini) pale Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, hupigwa na upepo wa kushoto. Magurudumu yakigusa ndege ikadunda, ana mawili tu.

Mdundo mdogo, aendelee kutua: pua ibaki usawa, nguvu ya injini iongezwe kidogo, bawa la kushoto liinamie upepo. Asisukume usukani mbele. Gurudumu la pua litatangulia kugonga, na mdundo wa pili huzidi wa kwanza.

Mdundo mkubwa, au ndege imeshakwenda upande, sisi tunasema apae. Ila hapa ndipo penye hatari zaidi. Trimu, yaani kirekebishi kinachoishikilia pua mahali pake, bado ni ya mwendo wa kutua, hivyo nguvu yote ikiingia pua hujiinua yenyewe, na papo hapo propela huivuta kushoto, kule kule unakotoka upepo. Azuie pua kwa usukani, akanyage pedali ya kulia mpaka ndege inyooke, kisha flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zirudi kutoka nyuzi 30 hadi 20. Akizikunja zote kwa mpigo, ndege huzama. Nyuzi zilizobaki zisubiri mwendo upite noti 60 na ndege iwe inapanda kweli.