PS Vita yenye Ensō: je, inafaa kuhangaikiwa?

PS Vita ilitolewa na Sony nchini Japani mwishoni mwa mwaka 2011, na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2019. Bado ni konsoli ya mkononi inayopendeza kushika, hasa toleo la kwanza lenye skrini ya OLED ya inchi 5, lakini ilizaliwa na kasoro moja iliyowachosha wengi: haikubali kadi ya kumbukumbu isipokuwa ile ambayo Sony iliitengeneza mahususi kwa ajili yake, na kubwa kuliko zote ni ya GB 64. Ndiyo maana ninapoipima Ensō, programu inayokifungua kifaa hiki kwa kudumu kiendeshe programu zisizoidhinishwa na Sony, ninaanza na suala la hifadhi, ndipo nifike kwenye michezo.

Ensō ni kazi ya Team Molecule, kundi lililotoa HENkaku mwaka 2016. HENkaku iliwezesha programu zisizoidhinishwa na Sony kufanya kazi kwenye kifaa, ila kilipozimwa kabisa ilibidi uiendeshe upya. Ensō, iliyofuata mwaka 2017, hukaa ndani ya kifaa na kuanza kazi mapema kabisa wakati kinapowaka. Manufaa yake huonekana mara moja kwa anayetumia SD2Vita, adapta ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kadi za michezo ikiwa imebeba kadi ya kawaida ya microSD. Kwa kuwa draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia adapta hiyo, hupakiwa kifaa kinapowaka, kadi hutambuliwa bila mtumiaji kufanya lolote. Hasara ni kwamba tundu limeshachukuliwa, kwa hiyo mwenye michezo ya kadi halisi atalazimika kuchomoa na kuchomeka kila anapoitaka, jambo ambalo kwa kweli linaudhi.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi usalama ulivyofikiriwa. Plagini zote, yaani programu ndogo za kuongeza uwezo wa mfumo, huorodheshwa katika faili moja la maandishi, config.txt, lililo ndani ya folda ya ur0:tai, kila moja ikiwa na mstari wake chini ya kichwa kama *KERNEL au *main. Plagini mbovu ya ngazi ya kernel, yaani kiini cha mfumo, inaweza kukwamisha kifaa kisiwake, na hapo wengi hudhani kimekufa. Ukishikilia kitufe cha L wakati wa kuwasha, plagini zote hurukwa, mfumo hufunguka, nawe unaingia VitaShell, programu ya kusimamia mafaili, kuufuta mstari wenye tatizo. Ulinzi huo peke yake unatosha kunifanya niiamini programu hii.

Usakinishaji ndio unaoipunguzia alama. Ensō inakubali matoleo mawili tu ya mfumo, 3.60 na 3.65, hivyo mwenye toleo la juu zaidi hana budi kwanza kukifungua kifaa kwa njia nyingine kama h-encore², kisha kushusha toleo kwa Modoru, programu iliyoandikwa na TheFloW, ambayo nayo haiwezi kushuka chini ya toleo ambalo kifaa kilitoka nalo kiwandani. Kazi hii inataka utulivu na betri iliyojaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika mfumo, kifaa kinaweza kufa moja kwa moja.

Baada ya hapo, programu ya Adrenaline hukigeuza kiigizi (emulator) cha PSP, konsoli ya mkononi ya Sony iliyoitangulia Vita, kilichomo ndani ya Vita kuwa PSP kamili. Picha hutoka vizuri kwa sababu skrini ya Vita ina pikseli 960 kwa 544, mara mbili kamili ya 480 kwa 272 za PSP, hivyo inapokuzwa kila pikseli hupata nafasi sawa na mistari haivurugiki.

Siipendekezi kwa wizi wa michezo, maana waandishi wake wanastahili malipo yao. Naipendekeza kwa ajili ya kuhifadhi ulichonunua. Mwaka 2021 Sony ilitangaza kulifunga duka la Vita kisha ikabadili uamuzi, na tangazo lile lilitosha kuonyesha umuhimu wa kuwa na nakala zako mwenyewe. Aliye na michezo mingi ya kadi halisi na kadi ya Sony inayomtosha aiweke Ensō, ila aachane na SD2Vita.